Kredi Sita za Historia

Sheria ya jimbo la Texas, huko Marekani, ni fupi katika jambo hili: mwanafunzi wa chuo cha serikali hapewi shahada ya kwanza kama hajamaliza kredi sita za historia ya Marekani. Kredi sita ni masomo mawili, kila moja la muhula mzima. La kwanza huanzia kabla ya Wazungu kufika bara lile na kuishia 1877, miaka kumi na miwili baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. La pili huanzia hapo hadi siku zetu. Anayependa anaweza kuweka historia ya Texas yenyewe mahali pa kredi tatu. Sheria haiulizi kama mtu anasomea uinjinia, kilimo, muziki au hesabu za fedha. Wote hupita mlango mmoja. Na baada ya mlango huo kuna mwingine: kredi sita za mambo ya serikali na katiba, ya taifa na ya jimbo.

Mdogo wangu ni mmoja wa wanaopita milango hiyo. Wafaransa wangemwita binamu tu. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na hakuna neno la kumsogeza mbali. Wazazi wake walitoka Fizi wakati wa vita, wakavuka ziwa, na yeye akazaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Alipotimiza miaka kumi na mitano jamaa yote ilipelekwa Texas. Leo usiku anafanya kazi katika ghala, na mchana anasoma masomo ya mwanzo yatakayomfikisha kwenye uuguzi. Mimi niko hapa Lubumbashi, katika idara ya Kiingereza, ambako ustaarabu wa Marekani ni somo la lazima. Ndiyo sababu alipoona orodha ya masomo yake alinitumia ujumbe wa sauti: "Yaya, wewe ndiye unasoma mambo ya Wamarekani, unielezee. Hii historia itanisaidia nini siku nitakuwa natafuta mshipa wa mgonjwa?"

Swali hili si la mzaha. Kila kredi inalipiwa, na kila saa ya darasa ni saa ya usingizi iliyopotea kwa mtu aliyetoka kazini alfajiri. Tena si swali lake peke yake. Nimejua tangu hapo kwamba Wamarekani wenyewe wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia moja, katika mabaraza ya sheria, katika magazeti na katika mikutano ya walimu. Nimelifuata swali hilo mwaka mzima, kwa ajili yake na kwa ajili yangu, na hapa naandika nilichokiona, kwa kuwa sisi wa kitivo hiki tunaishi katika majira ya kuhesabu kredi na kupanga upya masomo.

Kwanza ni lazima tuelewe tofauti ya nyumba zenyewe. Chuo kikuu chetu kilijengwa kwa mfano wa Ubelgiji. Mwanafunzi akimaliza sekondari na kupata diploma ya serikali, anaingia moja kwa moja katika kitivo chake. Wa sheria anasoma sheria, wa lugha anasoma lugha. Kuna masomo machache ya wote, kama Elimu ya Uraia katika mwaka wa kwanza, lakini hayo ni kama kizingiti. Unakivuka ukaingia chumbani. Marekani ni vingine. Huko shahada ya kwanza huwa na kredi 120 hivi, na sehemu kubwa ya miaka miwili ya mwanzo ni "elimu ya jumla": kuandika, hesabu, sayansi, sanaa, historia. Texas pekee imeweka kredi 42 za namna hiyo kwa vyuo vyake vya serikali. Nia yake ni kwamba mtu kabla ya kuwa mganga au mhasibu awe kwanza raia anayeweza kusoma, kupima hoja na kuzungumza na jirani ambaye hakusoma alichosoma yeye.

Nia hiyo ilipata nguvu wakati wa vita. Mwaka 1919, Vita vya Kwanza vilipokwisha, Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianzisha somo la lazima juu ya ustaarabu wa siku zile, ili vijana waelewe dunia iliyokuwa imejiangamiza mbele ya macho yao. Mwaka 1945, Vita vya Pili vikiwa vinakwisha, walimu wa Harvard walitoa kitabu juu ya elimu ya jumla katika jamii huru. Kitabu hicho kilifuatwa na vyuo vingi hata vile ambavyo havikuwa na mali wala jina la Harvard.

Kati ya miaka hiyo miwili kulitokea kelele ambayo kila anayetaka kuelewa kredi sita za mdogo wangu lazima aijue. Mwaka 1942 Allan Nevins, mwanahistoria wa Columbia, aliandika katika gazeti la New York Times akilalamika kwamba Wamarekani wanapigana vita kwa ajili ya nchi wasiyoijua historia yake. Gazeti likachunguza, likakuta kwamba asilimia 82 ya vyuo havikumlazimisha mwanafunzi wa shahada ya kwanza kusoma historia ya Marekani. Mwaka uliofuata likawatahini wanafunzi wapya 7.000 hivi katika vyuo 36. Matokeo yalikuwa aibu: wachache sana waliweza kutaja makoloni 13 ya mwanzo. Maseneta walisema, magavana walisema, na 1944 gazeti likapewa tuzo ya Pulitzer kwa kazi hiyo. Waliotaka somo la lazima walipata hoja iliyochapishwa kwa takwimu.

Lakini kuna jambo ambalo Sam Wineburg, profesa mstaafu wa elimu wa Stanford, ameliweka wazi katika kazi zake. Mtihani wa 1943 haukuwa wa kwanza. Mwaka 1917 watafiti wawili, Bell na McCollum, walikuwa wamechapisha matokeo ya mtihani waliowapa wanafunzi 1.500 hivi huko huko Texas, kuanzia shule za msingi hadi vyuo. Matokeo yalikuwa mabaya vilevile. Hesabu basi: kijana aliyeshindwa 1917 alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu mnamo 1943, pengine mwalimu, pengine seneta, akishika kichwa na kulia kwamba vijana wa leo hawajui kitu. Kila kizazi kimewatahini watoto wake kwa maswali ya tarehe na majina, kimewakuta hawajui, kimetangaza msiba. Nilipomsimulia mdogo wangu hayo alicheka sana. Kisha akauliza: "Sasa kama sheria iko, na bado hawajui, sheria ni ya nini?"

Hapo ndipo mjadala unapoanza kuwa wa kweli. Nimeona kwamba chini ya neno moja, "lazima", Wamarekani wameweka mambo mawili yasiyofanana.

Kuna sheria inayohesabu saa. Ya Texas ni ya namna hiyo. Inasema kredi sita, basi. Haimwambii mwalimu asome hati gani wala aanzie wapi. Kwa hiyo ugomvi unahamia ndani ya darasa. Mwaka 2013 chama kimoja cha wasomi wenye mwelekeo wa kihafidhina, National Association of Scholars, kilitoa ripoti juu ya masomo hayo katika vyuo viwili vikubwa vya Texas. Kililalamika kwamba walimu wanafundisha mno habari za rangi, tabaka na jinsia, wakisahau vita, diplomasia na mawazo ya waasisi. Wanahistoria wakajibu kwamba huwezi kufundisha vita vya 1861 bila kufundisha utumwa, na huwezi kufundisha utumwa bila kutaja rangi na mali. Wote wawili walikuwa wanagombania zile kredi sita. Kama zisingekuwa za lazima, nani angejisumbua kuandika ripoti?

Kuna pia sheria inayotaja vitabu. Jimbo la South Carolina lilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1924, iliyodai kila mwanafunzi asome katiba ya nchi mwaka mzima kabla ya kupewa shahada. Kwa miaka mingi vyuo vingi havikuitekeleza jinsi ilivyoandikwa. Mwaka 2021 wabunge wakaitengeneza upya: kredi tatu, na ndani yake Katiba nzima, Tangazo la Uhuru, Tangazo la kuwaachia watumwa, angalau makala tano kati ya zile za The Federalist, na angalau hati moja ya msingi juu ya mapambano ya Wamarekani weusi. Mwaka 2025 Ohio nayo ikatunga sheria inayofanana na hiyo. Mimi sina ugomvi na hati zenyewe. Ningependa kila mwanafunzi wa idara yetu azisome mara mbili. Ninachoogopa ni mkono unaoziandika katika orodha. Mbunge akizoea kuweka hati leo, kesho atazoea kuiondoa.

Mtu asidhani kwamba chombo hiki ni cha upande mmoja. California ina vyuo vya serikali vinavyoitwa California State University, na kwa muda mrefu kila mwanafunzi wake amepaswa kuonyesha kwamba anajua historia ya Marekani, katiba yake, na serikali ya jimbo. Mwaka 2020 sheria mpya ikaongeza kredi tatu za lazima juu ya historia na maisha ya Waafrika-Wamarekani, wenyeji wa asili, Walatino na Waasia. Mizizi ya sheria hiyo ni mgomo wa wanafunzi wa San Francisco State, ulioanza Novemba 1968 ukaisha Machi 1969. Wanafunzi hao walidai kitivo ambacho kingewafundisha habari za watu wao, wakakipata. Basi watoto wa wagomaji na watoto wa wahafidhina wameishia kwenye mbinu moja: kama kitu ni cha maana, kifanye cha lazima. Tofauti yao ni jina la kitu.

Narudi kwa mdogo wangu na malalamiko yake, kwa maana yana uzito ambao wanasiasa hawauoni. Wenzake wengi waliozaliwa Texas walipata kredi hizo walipokuwa bado sekondari, katika masomo yanayohesabiwa shuleni na chuoni kwa pamoja, au kwa kufaulu mtihani wa taifa. Sheria yenyewe inaruhusu kupata kredi kwa mtihani. Aliyezaliwa karibu na shule nzuri anafika chuoni mlango wa historia ukiwa nyuma yake. Anayeukuta bado umefungwa mbele yake ni yule aliyechelewa: mhamiaji, mama aliyerudi masomoni, mtu wa zamu ya usiku. Somo la raia wote, katika malipo, linawaelemea zaidi wale ambao uraia wao bado ni mchanga. Jambo hili wapenzi wa historia tunapaswa kulitazama usoni, si kulifunika kwa maneno mazuri.

Lakini haki idai yote. Katika chuo chake kitabu cha historia hakikumgharimu senti. Chuo Kikuu cha Rice, cha Houston, kina mradi unaoitwa OpenStax, ambao umeweka kitabu kizima cha historia ya Marekani kwenye intaneti bure, na kuna kingine, The American Yawp, kilichoandikwa na wanahistoria wengi kwa pamoja, nacho ni bure. Sisi tunaojua maana ya kuungaunga franka ili kununua silabusi kabla ya mtihani tunaelewa ukubwa wa jambo hilo. Mimi mwenyewe nimepakua vyote viwili. Kama serikali inamlazimisha mtu kusoma, na walimu wanampa kitabu bure, angalau nusu ya deni imelipwa.

Hivyo tukasoma pamoja, yeye huko, mimi huku, saa zetu zikipishana. Na katika kusoma huko ndiko nilikopata jibu ambalo sikuwa nalo mwanzoni.

Katika somo la kwanza alikutana na uasi wa Stono. Mwezi wa Septemba 1739, karibu na mto Stono katika South Carolina, watumwa walivunja duka, wakachukua bunduki, wakaanza kuandamana kuelekea Florida, ambako Wahispania walikuwa wanawaahidi uhuru watoro. Kiongozi wao anaitwa Jemmy katika maandishi. Mwanahistoria John Thornton ameeleza kwa kina kwamba wengi wao walikuwa watu wa ufalme wa Kongo, Wakatoliki, waliojua silaha kwa sababu ya vita vya kwao. Mdogo wangu alinipigia simu saa ambayo kwake ni usiku wa manane. Hakusema habari za mtihani. Alisema: "Yaya, kumbe tulikuwa huku mbele ya hii nchi kuitwa nchi."

Katika somo la pili mimi ndiye niliyempa kazi. Nilimwambia atafute 22 Aprili 1884. Siku hiyo, miezi kadhaa kabla ya mkutano wa Berlin kuanza, serikali ya Marekani ilitambua bendera ya Shirika la Kimataifa la Kongo, yaani kampuni ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kuwa bendera ya serikali rafiki. Marekani ilikuwa nchi ya kwanza kufanya hivyo. Nilimwambia pia amtafute George Washington Williams, mtu mweusi aliyepigana akiwa kijana katika jeshi la Kaskazini, akaandika historia kubwa ya watu weusi wa Marekani, kisha akasafiri hadi kwetu. Mwaka 1890, akiwa Stanley Falls, mahali panapoitwa leo Kisangani, aliandika barua ya wazi kwa Leopold akimshtaki mbele ya dunia kwa ukatili na udanganyifu. Alikufa mwaka uliofuata, Uingereza. Mmarekani mmoja alitia sahihi, Mmarekani mwingine alishtaki. Wote wawili ni historia ya Marekani, na wote wawili ni historia yetu.

Tena Shinkolobwe. Sisi wa Katanga tunalijua jina hilo. Mgodi uko karibu na Likasi, na wazee bado wanalitaja kwa sauti ya chini. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka zaidi ya tani elfu moja za mawe ya urani New York na kuziweka ghalani Staten Island. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilizinunua, na madini ya Shinkolobwe yakawa sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima. Katika kurasa alizonitumia mdogo wangu juu ya bomu hilo kulikuwa na ndege, rubani, rais na idadi ya waliokufa. Shinkolobwe haikuwamo. Alimwuliza mwalimu wake. Mwalimu hakukasirika, alimwambia aandike kazi ya kurasa tano, kwa sharti kwamba atumie hati za wakati ule na si maneno ya kusikia. Aliandika juma zima, akilala saa tatu kwa siku. Hakupata alama ya juu, kwa kuwa Kiingereza chake cha kuandika bado kina mawe. Lakini kazi yake ilisomwa darasani, na wenzake waliozaliwa Texas walisikia kwa mara ya kwanza jina la kijiji cha Katanga.

Hapo nikaona somo la lazima lina faida gani. Kama historia ingekuwa ya hiari, mdogo wangu asingeingia darasani humo. Angechagua, kwa busara kabisa, saa za kulala. Na wale wenzake pia, wanaotaka kuwa wauguzi na mafundi wa kompyuta, wasingekuwamo. Darasa la historia ya hiari ni mkutano wa wanaopenda historia. Darasa la lazima ni kama soko la Kenya hapa kwetu: kila mtu yumo, hata asiyependa kelele. Mahali pekee ambapo mtoto wa Nyarugusu na mtoto wa mkulima wa Texas waliweza kuulizana nchi yao imetoka wapi palikuwa mahali ambapo wote wawili walilazimishwa kukaa.

Hata hivyo sheria inaweza kukikalisha kiti, haiwezi kuiamsha akili. Mama mdogo wangu, mama yake, alipata uraia kwa mtihani ambao Wamarekani huwapa wahamiaji. Katika toleo la 2008, lile alilolifanyia mazoezi, kuna maswali 100 yanayojulikana. Unaulizwa kumi, unatakiwa kujibu sita. Alijifunza yote kwa moyo kama nyimbo za kanisa, akiwa jikoni, akakosa moja tu. Namheshimu kwa kazi hiyo. Lakini mwaka 2015 jimbo la Arizona lilipitisha sheria kwamba wanafunzi wa sekondari nao wafaulu mtihani uliotolewa katika maswali hayo hayo, na majimbo mengine yakafuata. Hapo nasita. Orodha ya majibu inamfaa mtu anayebisha hodi mlangoni. Aliye ndani ya nyumba anahitaji zaidi: kujua nani aliijenga, nani alilipwa, nani hakulipwa. Kama kredi sita ni orodha ndefu ya majibu tu, mdogo wangu alikuwa na haki ya kulalamika, na kizazi kijacho kitashindwa mtihani kama kile cha 1917 na cha 1943.

Kwa hiyo jibu langu kwake, nililomwandikia mwishoni mwa muhula, lilikuwa na sehemu tatu, na naliweka hapa mbele ya walimu wangu pia. Sehemu ya kwanza: sheria ihesabu saa, walimu wachague hati. Atakayewapa wabunge kazi ya kuchagua hati asishangae siku hati anayoipenda itakapofutwa. Sehemu ya pili: anayelazimisha alipe sehemu ya gharama, kwa kitabu cha bure, kwa saa za darasa ambazo mfanyakazi anaweza kufika. Lazima isiyo na msaada ni kodi juu ya maskini. Sehemu ya tatu: mtihani uulize kile ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya na hati, si kile anachoweza kukariri. Mwalimu aliyesema "andika kurasa tano, lete hati" alifundisha historia kuliko vitabu vyote tulivyopakua.

Kuhusu mgonjwa na mshipa, nilimwambia hivi: sindano utafundishwa na wauguzi. Lakini huyo mgonjwa atakuwa mzee wa Texas ambaye hajawahi kusikia Fizi, au mama kutoka Honduras, au mjukuu wa watumwa. Kila mmoja amefika kitandani hapo kwa njia yake, na ukiijua njia hiyo utajua namna ya kusema naye kabla ya kushika mkono wake. Alijibu kwa neno moja: "Sawa." Kisha akaniuliza kama sisi nasi tunasoma historia yetu kwa namna hiyo.

Swali hilo nawaachia wenzangu, lakini si bure. Mfumo wa LMD umetufundisha sote kusema kredi, na masomo ya idara yetu yanaendelea kupangwa upya. Ustaarabu wa Marekani kwetu ni wa lazima, nami naomba ubaki wa lazima. Ila naomba mwaka ujao uanze na hati tatu kabla ya orodha ya marais: utambuzi wa bendera wa 1884, barua ya Williams ya 1890, na ripoti ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church, ya Novemba 1975, mahali ambapo Wamarekani wenyewe waliandika jinsi wakala wao wa ujasusi alivyopanga kumwua Patrice Lumumba. Zote tatu ziko katika Kiingereza, zote zinapatikana bure, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye kamusi anaweza kuzisoma. Kwa mtihani, tupewe ukurasa mmoja wa mojawapo na saa mbili za kuandika.

Mdogo wangu ameniambia yuko tayari kusoma pamoja nasi. Muhula huu anaanza kredi za katiba, na zamu zake zimebadilishwa: sasa yuko huru Jumamosi.